Ua la dodo ni adui wa jani na mama wa mbegu

Shika shina la dodo lililoanza kuchanua, ulitazame kwa karibu. Kwenye kwapa la kila jani pana kifundo cha kijani, na kileleni, mahali palipokuwa na majani mororo wiki iliyopita, limesimama suke linalokwaruza vidole. Huoni petali wala rangi ya kumvuta nyuki. Maua yenyewe ni madogo kuliko kichwa cha pini, ya kiume na ya kike yamebanana kwenye kifundo kimoja, na kazi ya kuyachavusha imeachiwa zaidi upepo. Shina limeanza kuwa na nyuzi, na majani mapya yanatoka membamba na magumu. Kwa mama anayefunga mafungu alfajiri ili ayavushe mpaka kwenda Goma, Kongo ya mashariki, mmea huo umeshapoteza soko. Kwa anayewaza msimu ujao, kazi yake ndiyo kwanza imeanza. Hoja yangu katika safu hii ni kwamba huko Nyamyumba, moja ya sekta 12 za wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, mafanikio ya kilimo cha dodo hayataamuliwa na ukubwa wa shamba. Yataamuliwa na jinsi mkulima anavyolishughulikia ua: alicheleweshe kwenye tuta la majani, na alilinde kwenye tuta la mbegu. Leo kazi hizi mbili zimechanganywa katika tuta moja, na zote mbili zinaharibika.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa asisumbuliwe na jina. Dodo ya Rwanda na Uganda ndiyo mchicha wa Tanzania, terere ya Wakikuyu na lengalenga ya Kongo ya mashariki. Ndani ya jina hilo mna aina kadhaa za jenasi ya Amaranthus, kama vile dubius, cruentus na blitum, na ukoo wake ni uleule wa spinachi na biti. Jamii zake za nafaka zililimwa Mexico kwa karne nyingi kabla ya Wahispania kufika, na Waazteki walikusanya punje zake kama kodi. Afrika Mashariki tumeipenda zaidi kwa majani, na jani lake lina nguvu ya pekee: mmea huu hufanya usanisinuru kwa njia ileile ya mahindi na miwa, hivyo ukipata jua, joto na samadi hukua kwa kasi ambayo mboga nyingi haziiwezi. Katika joto la pwani, mkulima aliyesia leo anaweza kung'oa mafungu yake ya kwanza baada ya wiki tatu au nne. Mmea wenye haraka ya majani, hata hivyo, una haraka ya maua pia, na hapo ndipo mazingira ya Nyamyumba yanapoingia katika hesabu.

Nyamyumba iko kusini mwa mji wa Gisenyi, vilima vyake vikishuka hadi ufukwe wa Kivu, ziwa ambalo uso wake uko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Kwanza, wastani wa joto ni karibu nyuzi 20, ilhali dodo hupenda joto la nyuzi 25 na kuendelea. Majani basi hayakimbii kama ya pwani, na kila siku ya jani iliyopotea ni ghali. Pili, mahali hapa pako chini ya nyuzi mbili kusini mwa ikweta. Tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka haifiki robo saa. Dodo nyingi husoma urefu wa mchana ili zijue wakati wa kuchanua, na mchana wa saa 12 huziambia kuwa wakati umefika. Mkulima wa nchi za mbali na ikweta aweza kusia katika miezi ya mchana mrefu akaahirisha maua. Wa Nyamyumba hana mwezi wa namna hiyo. Amebaki na njia mbili tu: kuupunguzia mmea shida zinazouharakisha, na kutumia mbegu ambayo kwa asili yake haina pupa.

Shida za kuharakisha maua zinajulikana. Mmea ukikosa maji, ukibanwa na wenzake, ukikosa naitrojeni au ukijeruhiwa mizizi wakati wa kupandikiza, hufanya kama kiumbe kinachohofia kufa bila kizazi: huacha majani na kukimbilia mbegu. Kwa hiyo tuta la majani linataka samadi iliyooza vizuri, kumwagilia bila kuruka siku wakati wa impeshyi, yaani kiangazi cha Juni hadi Agosti, na kupunguza miche mapema. Mbegu zake ni ndogo mno, zaidi ya 1,000 katika gramu moja, na mkono usiozoea humwaga msitu. Ndiyo maana wakulima huzichanganya na mchanga mkavu kabla ya kuzitawanya. Mita moja ya mraba haihitaji zaidi ya gramu moja. Kwa anayechuma mara kwa mara badala ya kung'oa, kukata kilele mapema hulazimisha matawi ya pembeni yatoke na huchelewesha suke. Haya yote ni kazi ya mikono, na wakulima wengi wanayafahamu. Njia ya pili, ya mbegu yenyewe, ndiyo iliyosahauliwa.

Tuangalie inavyokwenda. Mkulima amesia tuta moja. Mimea iliyotangulia kunenepa, yenye majani mapana na afya, ndiyo inayong'olewa kwanza, kwa sababu ndiyo inayouzika. Inayofuata huuzwa wiki ya pili. Inayobaki ni ile iliyodumaa, iliyopigwa na wadudu, na iliyowahi kuchanua kiasi kwamba mnunuzi ameikataa. Hiyo ndiyo inayoachwa ikauke pembeni, na mbegu ya msimu ujao inapukutishwa kutoka kwake. Bila kukusudia, mkulima ameuza wazazi bora na kuwapa urithi wazazi aliowakataa yeye mwenyewe. Dodo hukamilisha kizazi kimoja katika miezi michache. Hata akipanda vizazi viwili tu vya mbegu kwa mwaka, katika miaka mitano mchujo huu wa kinyume umerudiwa mara 10. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya maua ya dodo huchavushwa na chavua ya mmea uleule, tabia ya kuwahi kuchanua hurithishwa kwa uhakika, ikikusanyika msimu baada ya msimu. Mkulima husema ardhi imechoka. Mara nyingine ardhi imechoka kweli, lakini mbegu nayo imefundishwa kuwa na pupa, na tulioifundisha ni sisi.

Kuona uzito wa jambo hili, ilinganishe dodo na kabichi na karoti, mboga ambazo Rubavu inazilima kwa wingi. Kabichi na karoti ni mimea ya miaka miwili, na kwa kawaida haichanui bila kupitia kipindi cha baridi kali. Kwenye joto la ufukwe wa Kivu, baridi hiyo haipatikani. Mkulima wa kabichi kwa hiyo hununua mbegu ya kopo au pakiti kila msimu, kwa bei aliyopangiwa, na hana namna nyingine. Dodo inampa kinyume chake: ua bila kuombwa, na mbegu tele mlangoni. Wepesi huohuo wa kuchanua unaomtia hasara kwenye jani ndio unaompa uhuru ambao kabichi haiwezi kumpa. Mboga zilizo chini ya mamlaka kamili ya mkulima ni chache sana katika soko la leo. Kuiacha dodo ichakae kwa kukosa uteuzi ni kupoteza mali ambayo hatukuinunua na hatutaweza kuinunua kirahisi ikishapotea.

Gharama ya kurekebisha ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Chukua eneo la ari moja, yaani mita 100 za mraba. Kwa kipimo cha gramu moja kwa mita, linahitaji gramu 100 za mbegu. Mimea 20 iliyopandwa kwa nafasi ya nusu mita kila upande inachukua mita tano za mraba. Hata kila mmoja ukitoa gramu 10 tu, kiasi ambacho mmea ulioachwa ukue bila kuchumwa hukipita kwa urahisi, mkulima anapata gramu 200, za kutosha kusia ari hiyo mara mbili. Sehemu moja kati ya 20 ya shamba ndiyo bei ya kuwa na mbegu njema. Mimea hiyo ichaguliwe kabla ya mavuno ya kwanza, siyo baada yake, na alama iwe ya kuonekana na kila mtu wa nyumbani, hata mtoto aliyetumwa mboga ya chakula cha jioni: uzi mwekundu au kipande cha kitambaa shinani. Inayowahi kutoa suke ing'olewe ikaliwe mara moja, kabla haijatawanya chavua. Dodo mwitu na zile zenye miba zilizo karibu nazo zing'olewe, maana upepo hauulizi chavua imetoka wapi. Mwisho, suke lisuguliwe kiganjani: zikianguka punje nyeusi zinazong'aa, likatwe asubuhi na kuanikwa juu ya kitambaa, lipurwe, lipepetwe kwa ungo, na mbegu ihifadhiwe pakavu.

Pingamizi la kwanza ni lile la wazee na vijana pia: dodo hujiotea, kwenye jalala na kwenye shamba la maharagwe, kwa nini isumbuliwe? Ni kweli hujiotea, na ni baraka kwa chungu cha nyumbani. Lakini mmea unaojiotea umechaguliwa na maumbile kwa lengo lake, nalo ni kuzaa mbegu nyingi upesi kabla jembe halijafika. Lengo la mkulima ni jani pana linalokaa laini kwa wiki kadhaa. Malengo haya mawili hayawezi kutimizwa na mmea mmoja. Anayetegemea dodo ya jalalani sokoni anategemea mmea ambao kwa tabia yake unamkimbia.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kwa nini mkulima ahangaike na uteuzi ilhali watafiti wameshaufanya? Ni kweli wameufanya. Kituo cha Mboga Duniani, kupitia tawi lake la Tengeru karibu na Arusha, kilizalisha aina za mchicha zilizoidhinishwa Tanzania mwaka 2011 kwa majina ya Madiira 1 na Madiira 2, na wakulima wamezipokea vizuri kwa majani yake. Sipingi mbegu hizo hata kidogo. Ninachosema ni kwamba mbegu bora bila uteuzi haidumu. Mkulima akinunua pakiti nzuri leo, akauza mimea bora na kukusanya mbegu kwenye mabaki, baada ya misimu michache atakuwa amerudi alikokuwa. Aidha mbegu iliyochaguliwa katika mazingira ya Arusha inahitaji kupimwa tena kwenye kilima cha Nyamyumba, na kipimo cha kweli hufanywa na mtu anayeiona kila asubuhi. Tanzania imeonyesha njia ya katikati kwa daraja la mbegu za kuazimiwa ubora, ambapo wakulima wadogo huzalisha mbegu katika eneo lao chini ya ukaguzi wa mamlaka ya mbegu. Mpango wa namna hiyo kwa dodo, ukisimamiwa na bodi ya kilimo ya Rwanda, RAB, na vyama vya ushirika vya sekta, ungeunganisha kazi ya mtafiti na jicho la mkulima.

Pingamizi la tatu linatoka kwa wanaohesabu chakula cha taifa. Tangu mwaka 2007, mpango wa Rwanda wa kuongeza tija ya mazao umeweka nguvu kwenye mahindi, ngano, mchele, viazi, maharagwe na mihogo. Wasomi wa hesabu watasema kuwa gramu 100 za majani ya dodo zina kalori zipatazo 23, na gramu 100 za punje za mahindi zina zaidi ya 360, kwa hiyo ardhi iliyobanana ipewe nafaka. Takwimu hizo ni sahihi, na hakuna anayeshauri ugali uondolewe mezani. Lakini njaa ya Rwanda ya leo ina sura mbili. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2019 hadi 2020 ulikuta mtoto mmoja kati ya watatu wa chini ya miaka mitano amedumaa, asilimia 33, na udumavu haumalizwi na wanga peke yake. Gramu 100 za majani mabichi ya dodo zina miligramu 215 hivi za kalisi na zaidi ya miligramu 2 za madini ya chuma. Kabichi ya uzito uleule ina miligramu 40 za kalisi na nusu miligramu tu ya chuma. Ni kweli pia kwamba dodo ina oksaleti zinazozuia sehemu ya madini hayo yasifyonzwe mwilini. Jawabu lake ni la jikoni: ichemshwe kidogo, maji ya kwanza yamwagwe, kisha iungwe kwa mawese na sambaza, wale samaki wadogo walioletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Mafuta humsaidia mlaji kufyonza vitamini A, na samaki huziba mapengo ya jani. Na juu ya ardhi, tusisahau kipimo cha siku. Mahindi ya milimani hushika shamba miezi minne au zaidi. Katika muda huo dodo inaweza kusiwa na kuvunwa mara mbili au tatu, au kupita kwenye pengo kati ya maharagwe na maharagwe ambapo nafaka haiwezi kuingia.

Pingamizi la nne ni soko. Dodo iliyokatwa alfajiri inanyauka jioni, na wateja wengi wa Nyamyumba wako upande wa pili wa mpaka, katika jiji la Goma. Mpaka huo umezoea misukosuko: ulifungwa kwa sababu ya korona Machi 2020, Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka na maelfu kwa maelfu ya watu wa Goma wakakimbilia Rubavu, na Januari 2025 Goma ikaangukia mikononi mwa waasi wa M23. Mtu aweza kuuliza kama ni busara kumjenga mkulima juu ya jani linalooza kwa siku moja na mlango unaoweza kufungwa usiku mmoja. Mimi naona hatari hiyo inatetea hoja yangu. Aliyepanda zao la miezi minne kwa ajili ya Goma hawezi kubadili mawazo katikati. Mwenye dodo huamua upya kila mwezi asie kiasi gani. Na mpaka ukifungwa akiwa na tuta lililo tayari, anayo hiari ambayo mwenye kabichi hana: aiache ichanue. Jani haliwezi kungoja hadi kesho, ila mbegu ikiwekwa kavu hungoja miaka. Sharti ni moja, kwamba tuta hilo liwe la ukoo mzuri, vinginevyo atakuwa anahifadhi pupa ileile.

Lipo jambo moja ambalo watetezi wa mboga hulipita haraka, nalo ni mteremko. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua iliua zaidi ya watu 130 katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini mwa Rwanda, na mto Sebeya, unaoingia Kivu kusini mwa Gisenyi, ulifurika na kubomoa nyumba za Rubavu. Tuta la dodo huwa tupu kila baada ya mavuno, na udongo mtupu kwenye kilima kama cha Nyamyumba hausubiri mwaliko wa kushuka ziwani. Kwa hiyo dodo ilimwe juu ya matuta ya ngazi, yaliyokingama na mteremko, na pasiachwe wazi kati ya mavuno na kusia tena: nyasi za kufunika zitandazwe siku ileile. Hapa tuta la mbegu lina faida nyingine. Mimea yake husimama ardhini miezi kadhaa na mizizi yake haing'olewi, hivyo likiwekwa ukingoni mwa ngazi hushika udongo pale panapomomoka kwanza.

Ninayopendekeza basi hayahitaji bajeti kubwa. Afisa kilimo wa sekta, anapohesabu mashamba ya mahindi na miti ya kahawa, aulize swali moja zaidi kwa kila mkulima wa mboga: mbegu yako ya dodo imetoka kwenye mmea gani? Chama cha ushirika kitenge tuta moja la pamoja, kipande kimoja kati ya 20 cha ardhi yake, na wanachama wakubaliane kwamba mmea wenye uzi hauguswi hata bei ya Goma ipande vipi siku hiyo. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Mpaka sasa dodo njema tumekuwa tukiifunga kwenye fungu na kuiuza, na pete tukaivika ile iliyobaki. Uzi mwekundu kwenye mashina 20, uliofungwa kabla ya mavuno ya kwanza ya msimu wa Septemba, unatosha kuanza kugeuza mwendo huo.